Mwendo wa Msomaji

Huku kwetu Ufipa, mwezi wa Juni na Julai, baridi na upepo humweka mzee karibu na moto. Mwaka jana mjukuu wangu, anayesomea ufundi wa umeme, alikuja likizo hapa Sumbawanga na kibao cha kielektroniki chenye upana wa vidole viwili tu. Jina lake Arduino Pro Mini. Alitaka kipime joto na unyevu ndani ya ghala letu la mahindi, kisha kitume habari hizo kwenye kompyuta kwa waya.

Kibao kilituma, lakini kompyuta ikaandika alama zisizosomeka. Mjukuu alikagua programu yake siku mbili, mstari kwa mstari, asione kosa. "Babu, hiki nitakitupa," alisema.

Nilimwomba anieleze kama anamweleza mtoto wa darasa la tatu. Akasema kila herufi ina biti 8; hutanguliwa na biti moja ya kuanzia na kufungwa na moja ya kumalizia. Mashine hizi mbili hazina saa ya pamoja. Hivyo hupatana mwendo mapema, kwa mfano biti 9,600 kwa sekunde, kisha kila moja huhesabu peke yake.

Mimi umeme siujui, ila kutazama saa ndiyo kazi niliyozeekea. Taa ndogo ya kibao, alisema, imeamriwa iwake sekunde moja na kuzimika sekunde moja. Nikatazama saa yangu ya mkononi: iliwaka mbili, ikazimika mbili. Nilipomwambia alinyamaza, halafu akacheka. Kibao kilikuwa cha megahezi 8, naye alipokuwa akiandaa programu alichagua cha megahezi 16. Kwa hiyo kila jambo lilikwenda nusu ya mwendo, na badala ya biti 9,600 kilituma 4,800. Alisahihisha chaguo lile tu, herufi zikasomeka.

Yeye alilala kwa furaha. Mimi usingizi ulikawia, maana nilikumbuka imla. Nilipokuwa mwalimu kijana nilisoma imla kwa mwendo wangu, na aliyeachwa nyuma alichapwa. Kijana mmoja kutoka bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, ambaye kwao Kiswahili hakikusemwa nyumbani, daftari lake lilijaa nusu nusu za maneno. Nilimwandikia kwa wino mwekundu: "Mzembe." Hakumaliza shule. Baadaye, nikiwa chuoni, niliwafunza walimu wengi njia ile ile, nao wakaipeleka vijijini.

Kwa miaka yote hiyo nilikagua madaftari tu. Mwendo wa aliyekuwa akisoma sikuupima hata siku moja.

Ndugu msomaji, ikiwa unafundisha, kabla hujashika kalamu nyekundu itazame kwanza saa yako. Mimi nimechelewa. Kijana yule, kama yu hai, naye sasa ni mzee.