Niliwaacha Watoto 64

Wasee, swali linalojaa kwenye jumbe zangu ni moja tu: "Ticha, ulitokaje huko?" Leo najibu, pamoja na ile sehemu ambayo huwa siposti.

Nilikuwa mwalimu mwanagenzi wa JSS. Shilingi 20,000 kabla ya makato. Nimesomea Hesabu na Fizikia, lakini nilifundisha hadi Kilimo kwa sababu hakukuwa na mwingine. Gredi ya 8 peke yake walikuwa watoto 64.

Ajenti wa kwanza alikula elfu thelathini zangu. Alitaka nisafiri na viza ya utalii, eti nitabadilisha nikishafika. Ukiambiwa hivyo, toroka! Mkishikwa, anayefukuzwa nchini ni wewe, si ajenti. Shule inayokutaka kweli hukutumia mkataba na barua za viza ya kazi ukiwa bado kwenu.

Yangu niliipata Bangkok, baada ya kutuma maombi mwenyewe miezi saba. Na bado wakaniitisha cheti cha mtihani wa Kiingereza. Mimi, niliyevalishwa diski shuleni kwa kuongea Kikamba! Nikalipa, nikafanya, nikapita. Hasira hainunui tiketi.

Sasa ile sehemu. Siku ya mwisho niliwaambia Gredi ya 8 kwamba naenda. Msichana mmoja wa dawati la mbele, yule wa maswali hadi kengele ilie, akaniuliza, "Sasa Hesabu tutafundishwa na nani?"

Nikasema, "Wataleta mwingine."

Nilijua nadanganya. Muhula mzima uliofuata hawakuletewa mtu.

Hapa darasa langu lina watoto 22, kila mmoja na kitabu chake. Natuma pesa nyumbani, mdogo wangu amerudi chuo. Sijuti. Lakini ikifika saa kumi na mbili jioni huku, najua Kenya ni saa nane mchana, saa ya somo langu, na mbele ya lile darasa pengine hakuna mtu.

Kwa hivyo msiniite shujaa, na pia msiniite msaliti. Lile swali si langu peke yangu kujibu. Aulizwe pia anayemlipa mwalimu 20,000 halafu anashangaa akibeba begi.

Na wewe, ungekuwa mimi, ungebaki? Jibu ukweli, si ile ya kupendeza watu.