Luca Brecel hakushinda kwa sababu ya pombe

Wasee, kuna stori hamchoki kunitumia: eti Luca Brecel, yule Mbelgiji wa snuka, alichukua ubingwa wa dunia 2023 bila mazoezi. Usiku analewa na mabeste, halafu anacheza PlayStation, halafu anaenda Sheffield kubeba pauni 500,000. Na ni kweli, alisema mwenyewe kwamba hakuwa akifanya mazoezi. Shida ni kwamba mnaanza kuisoma hii stori katikati.

Huyu jamaa akiwa na miaka 14 alikuwa bingwa wa Ulaya wa walio chini ya miaka 19. Akiwa na 17 akacheza Crucible, mdogo kuliko wote waliowahi kuingia pale. Stephen Maguire akampiga 10-5. Akarudi, akapigwa tena. Kufikia 2023 alikuwa ameenda mara 5 na hajashinda mechi hata moja. Miaka 11 hiyo, unaitwa kijana mwenye kipaji. Mimi niliacha chuo, na miaka miwili tu ya mashangazi kuniuliza "kwani sasa unafanya nini haswa?" imenizeesha.

Sasa ile nusu fainali. Anayefika fremu 17 ndiye anapita. Si Jiahui wa China, kijana wa miaka 20, yuko mbele 14-5. Mimi hapo ningekuwa nishavaa koti, natafuta mlango. Brecel akashinda fremu 11 mfululizo! Ikaisha 17-15, na hakuna mtu alikuwa amewahi kutoka nyuma hivyo pale Crucible. Na hiyo ni baada ya robo fainali, Ronnie O'Sullivan akiongoza 10-6, jamaa akachukua 7 mfululizo. Fainali akamfunga Mark Selby 18-15. Bingwa wa kwanza kutoka Ulaya bara.

Niambie basi, huo mkono ulifunzwa wiki ya pombe? Kupumzika kulimtoa presha, sikatai. Hata kwa meza za pool hapa mtaani, yule hajaweka pesa ndiye huingiza kila mpira. Lakini lazima awe anajua kucheza kwanza. Ukilala bila kitu mkononi, unaamka bila kitu mkononi, na macho mekundu juu.

Mwaka uliofuata alirudi Crucible kama bingwa. David Gilbert akamtoa raundi ya kwanza, 10-9. Hiyo video bado hakuna mtu amenitumia.