Hata Anayepokea Ana Cha Kutoa

Mwezi huu tumeombwa tuandike juu ya maisha ya kila siku. Basi tukakaa chini ya mkorosho baada ya masomo tukajiuliza, maisha ya kila siku ndiyo yapi? Maji, kuni, foleni, watoto, usingizi. Tukaona kuna jambo moja linapita katikati ya hayo yote, nalo ni kutoa. Hilo ndilo tutaongea leo.

Kwa sisi tuliohama, neno hili limekuwa gumu kidogo. Tangu vita vilipoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, na zaidi tangu Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, kazi yetu imekuwa kupokea. Tumepokea mchele, mafuta, maharage, turubai, ndoo na sabuni. Tunashukuru, tena sana, maana bila hivyo wengine wetu leo tusingekuwepo. Lakini mtu akipokea mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, anaanza kujiona kama gunia tupu linalosubiri kujazwa. Jina lako liko kwenye orodha. Orodha inasema nyumbani kwako mko wangapi na mnahitaji nini. Haina mahali pa kuandika unajua kufanya nini, wala wiki iliyopita ulimpa nani nini.

Ndiyo maana juzi darasani tuliwapa watoto kazi ya kuandika: wiki hii nimetoa nini? Hakuna hata mmoja aliyeacha ukurasa mweupe. Mmoja amemchotea maji bibi wa nyumba ya pili. Mwingine alivunja penseli yake vipande viwili akampa mwenzake kimoja, akaongeza kwa uaminifu kabisa kwamba yeye alibaki na kile chenye kifutio. Msichana mmoja wa miaka kama tisa aliandika kwamba alimwimbia mdogo wake mpaka akalala, kwa sababu usiku ule hakukuwa na chakula. Hiyo tuliisoma mara mbili, halafu tukakaa kimya.

Wazee walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii tunaijua wote, tunaitamka harusini na msibani. Lakini mara nyingi tunaitumia kumsifu tajiri aliyetoa kidogo. Hapa kambini inatuambia kitu kingine: asiye na kitu mkononi naye ni mtoaji, na tukimnyima nafasi ya kutoa tumempora kitu ambacho hata vita havikumpora.

Sasa tuje mjini. Kila mwezi vijana wetu wanaaga, wanakwenda Pemba, wengine Nampula. Hatuwalaumu, sisi wenyewe tumekaa mjini na tunakujua. Mjini kila kitu kina bei. Chumba unalipa, maji unanunua kwa dumu kwa mwenye bomba, chapa unalipa hata ukishuka kituo kinachofuata. Kule kwetu pwani ukipita asubuhi mashua inapovutwa, ukashika kamba na kuvuta na wenzako, huondoki mikono mitupu. Utapewa samaki wawili watatu wa kitoweo, wala hakuna atakayekuuliza wewe mtoto wa nani. Mjini ukishika mzigo wa mtu, kwanza atajipapasa mfuko. Kwa hiyo vijana wakirudi wanasema, jamani, mjini hakuna utu.

Lakini tusiuseme mji vibaya tukasahau tuliyoyaona. Mwaka 2020, miezi ya Oktoba na Novemba, mashua zilikuwa zinafika mfululizo Paquitequete, ule mtaa wa wavuvi ulioko ufukoni Pemba. Kwa wiki chache tu walishuka pale zaidi ya watu 10,000, wanawake, watoto na wazee, wengine wamekaa baharini siku kadhaa bila maji ya kutosha. Wengine hawakufika kabisa. Mashua moja ilizama karibu na kisiwa cha Ibo na makumi ya watu wakafa. Waliofika, nani aliwapokea kwanza? Kabla hata turubai hazijatosha, wenyeji wa mtaa walitoka na ndoo za maji, uji na kapulana za kuwafunika watoto. Nyumba ya vyumba viwili ikalaza watu ishirini. Na miaka ile ya wimbi kubwa, wengi wa waliohama Cabo Delgado hawakukaa kambini, walikaa kwa ndugu, kwa marafiki, na kwa watu ambao hawakuwajua hata kwa jina. Mji ule ule unaouza maji kwa dumu ndio uliofungua milango bure.

Hapa tuseme ukweli wote. Mwenye nyumba naye alichoka. Mgeni ana kadi ya chakula, mwenyeji hana. Mchele wa mgeni unachemka kwenye jiko la mwenyeji, na mwenyeji ananusa tu. Hapo ndipo maneno yalipoanza, kwamba wageni wanapendelewa. Lakini tunawajua akina mama wengi, wamo hapa hapa kambini leo, ambao siku ile ile ya kupokea walikuwa wanapima vikombe na kumpa mwenye nyumba fungu lake bila kuagizwa na mtu. Hakuna ripoti iliyoandika vikombe vile. Kumbe ndivyo vilivyolinda amani ya nyumba.

Na si mara ya kwanza watu wetu kuhama. Vita vya uhuru vilipoanza tarehe 25 Septemba 1964, babu na bibi zetu walivuka mto Ruvuma kwenda Tanzania, na wengi wakapewa ardhi ya kulima Rutamba, mkoa wa Lindi. Waliporudi walirudi na Kiswahili, na nyimbo, na majina waliyowapa watoto wao. Hata gazeti hili mnalisoma kwa lugha ambayo kwa baadhi ya familia ilikuja kwa njia ile. Msafiri anaondoka na vichache, lakini anachokibeba kichwani hakipimwi kwa kilo.

Tukisema kichwani, tunafika kwenye muziki. Mnajua tufo ya akina mama wa pwani yetu, kuanzia kisiwa cha Msumbiji na Angoche mpaka huku kaskazini. Wanakaa mistari, kapulana za sare, msiro usoni, matari yanalia, mabega na mikono inakwenda pamoja kama mawimbi. Zamani tufo ilikuwa zaidi ya kumsifu Mtume, siku hizi inaimba pia harusi, afya, mambo ya nchi. Akina mama wa tufo walipokimbia hawakubeba matari, walibeba watoto. Lakini nyimbo zilikuja. Hapa kambini walianza kwa kupiga ndoo, zile ndoo za msaada, na jioni watu wakakusanyika. Mzee mmoja wa Kimakonde kutoka Mueda, ambaye kwao ngoma ni mapiko, alikuwa anakaa pembeni kila siku anatazama tu. Siku moja akainuka akaomba ndoo moja, akawaongezea mapigo yake. Wamwani na Wamakonde ambao wiki ile walikuwa wamegombana kisimani wakacheka pamoja. Tunajua ngoma moja haimalizi ugomvi wa kisima. Ila kesho yake waliweza kuuzungumza.

Tusieleweke vibaya. Wimbo haushibishi. Yule mtoto alilala kwa wimbo wa dada yake, lakini alilala na njaa, na jambo hilo si zuri, wala asitokee mtu akasema kwa kuwa hawa wanasaidiana basi wapunguziwe. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, tulijua wenyewe mafungu yanavyopungua. Haki ya kupata chakula tutaendelea kuidai. Tunachosema ni kwamba mtu anayetoa anadai haki yake akiwa amesimama wima. Angalieni akina mama wa shitiki, ule mchezo wa kuchangiana hela zamu kwa zamu. Kiasi ni kidogo mno, lakini anayepokea zamu hii ndiye atakayempa mwenzake zamu ijayo. Pale hakuna mwenye kuonewa huruma.

Kwa hiyo sisi walimu tumeamua kitu kidogo. Kuanzia wiki ijayo kutakuwa na daftari kubwa pale shuleni. Ukurasa wa kushoto ni wa anayehitaji: mwenye mlango uliovunjika, mwenye mgonjwa, mwenye mtoto asiyejua kusoma. Ukurasa wa kulia ni wa anayeweza: fundi seremala, mshona nyavu, fundi cherehani, mkunga, anayejua Kireno, anayejua hadithi za zamani. Tunaomba kila mtu aandike pande zote mbili. Asiyejua kuandika aje, tutamwandikia. Asije mtu akasema mimi sina kitu. Watoto wa darasa letu wameshalijibu hilo.

Na jambo la mwisho. Akina mama wa tufo wamepata mbao za kutengenezea matari, bado ngozi. Sikukuu ikifika na ukijaliwa kuchinja mbuzi, au jirani yako akichinja, tafadhali ngozi isitupwe. Ipaki chumvi, ianike, iletwe shuleni. Ndoo zile zinahitajika kisimani.

Haya, tubaki salama. Tuonane mwezi ujao.