Usimgeuze Mungu Mganga

Mwanangu,

Ujumbe wako kutoka Nyarugusu nimeupata. Unasema duara lako la dhahabu linakula fedha tangu masika, mawe yakisagwa karashani hayarudishi hata hela ya matimba ya kushikilia kuta, na wenzako wanataka mchange aitwe mganga. Nawe umefunga, umeomba, umeona kimya.

La mganga nisilizungushe: usitoe hata shilingi. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, kwa sababu ndugu zetu wenye ualbino walikuwa wakiuawa ili watu wapate utajiri. Kituo cha Buhangija hapa Shinyanga kilijaa watoto waliotenganishwa na wazazi wao ili wapone. Anayeanza na kuku mweupe hajui atakapofikishwa.

Linaloniuma zaidi ni huko kufunga kwako. Nikikusoma vizuri, ulifunga ili duara litoe. Halikutoa, sasa unataka kuhamia kwa mganga. Basi ulikuwa umeshamfanya Mungu mganga, ila asiyedai kuku.

Wakumbuka Nyangalata, kule Kahama? Oktoba 2015 mgodi uliwafukia wachimbaji, na watano wakatolewa hai baada ya siku 41, wakiwa wamekula mende na vyura na kunywa maji machafu yaliyopenya kutoka juu. Watu walimshukuru Mungu, na ilistahili. Ila mwenzao mmoja alifia humo humo chini. Je, huyo mmoja, Mungu alimtupa? Sikubali, mwanangu. Mungu wa waliotoka ndiye Mungu wa waliokwenda kuzika. Kama imani yako haiwezi kukaa kwenye matanga ya yule mmoja, bado hujamjua unayemwomba. Soma Habakuki sura ya 3, nabii anayemfurahia Bwana zizi likiwa tupu. Sisi Wasukuma tunajua zizi tupu ni nini.

Tena usishuke kwenye duara lisilo na matimba eti umeomba. Huko ni kumjaribu Mungu. Manyani, hao vijana wanaokuchimbia, wapewe mgao wao kamili hata mifuko ya mawe ikiwa michache, na Jumapili uende ibadani hata kama huna nguo nzuri. Deni likikuzidi, rudi nyumbani tulime pamba. Kurudi mikono mitupu si kumkana Mungu.

Waambie wenzako hapana kabla mchango haujaanza, kisha unipigie usiku huo huo tuombe pamoja.

Shangazi yako,
Kolandoto