Siku Tulizolipia

Muuza mchele akipunja pishi, mtaa mzima hujua kabla ya adhuhuri, na hakosekani wa kumwambia usoni. Kampuni ya televisheni ikipunja mwezi, twanyamaza. Twalipia siku 30, twatazama 20, kisha twaambiana kwamba ndivyo mitambo ilivyo. Sisi wanawake kadhaa wa mtaa mmoja wa mji wa Lamu tuliona kwamba baina ya pishi na mwezi hapana tofauti. Suratul Mutaffifin imeanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo, na onyo lile halikufungwa kwenye nafaka.

Kampuni yenyewe hatuitaji jina, kwa kuwa mazungumzo nayo hayajamalizika.

Wengi wetu tulinunua king'amuzi kwa ajili ya Ramadhani, ili mama zetu wasioweza tena kushuka ngazi za nyumba za mawe waitazame tarawehe ya Makka. Mwenzetu mmoja alikuwa ndani ya eda, ile miezi minne na siku kumi, na darasa za dini za televisheni ndizo zilizomliwaza. Katika kumi la pili picha ikakatika, ilhali amelipa. Alipopiga simu alisikilizishwa muziki mpaka salio likamwishia. Mwanamke wa eda kusikilizishwa muziki! Alipopiga tena aliambiwa afike kwa wakala yeye mwenyewe, na kadi yake mkononi. Mwenye eda hatoki ila kwa haja, na yeye hakuona kwamba televisheni yatosha kuwa haja.

Tulipokwenda kumjulia hali, ndipo tulipogundua kwamba kila mmoja wetu alikuwa na kisa chake. Jamaa wa Faza alikuwa amelipa nauli ya mashua kuja mjini, akarudi na ahadi. Wote tulikuwa tumepewa jibu lilelile: dishi lako limeliwa na kutu. Hatukatai kwamba hewa ya chumvi hula chuma, wala kwamba mvua kubwa hudhoofisha mawimbi ya satelaiti. Lakini kutu haili madishi ya nyumba kumi na nne usiku mmoja.

Basi tukafanya kama tufanyavyo kukiwa na arusi. Tulinunua daftari, tukamchagua mwandishi na mweka hazina, tukapanga zamu. Kila nyumba iliandika tarehe na saa picha ilipokatika, namba ya kadi, ujumbe wa malipo uliobaki kwenye simu, na jibu alilopewa mlalamikaji. Daftari tulimwachia yule mwenye eda, kwani yeye hapatikani ila nyumbani. Kisha tukaandika barua moja yenye sahihi zote, tukakubaliana kwamba hakuna atakayelipia mwezi unaofuata mpaka tujibiwe. Waume zetu walituunga mkono vyema, hadi ilipofika Jumamosi ya mpira.

Mzee mmoja tunayemheshimu alituuliza kwa nini tunapigania upuuzi. Swali lake lilitufikirisha kuliko simu zote za kampuni. Tulimjibu kwa adabu kwamba yaliyomo ndani ya televisheni yana hukumu yake, na mengi hayatufai. Lakini fedha iliyotoka katika nyumba ya mvuvi ni haki, na mapatano ni mapatano. Hakusema kitu, ila mkewe alitia sahihi.

Wala hatukubuni jambo geni. Mwaka 2012 shirikisho la kutetea watumiaji, COFEK, lilikwenda mahakamani kupinga kuzimwa kwa mitambo ya analojia, na Mahakama Kuu ikasimamisha mpango ule. Mwaka 2015, mabishano ya kuhamia dijitali yalipofanya Citizen, NTV na KTN kutoonekana kwa zaidi ya wiki mbili, mtazamaji hakuwa na kikao ambamo sauti yake ilisikika. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaostahiki, na ya kufidiwa anapopata hasara. Na hapa kwetu, Juni 2019, leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe ilifutwa na Jopo la Kitaifa la Mazingira baada ya wakazi kushitaki. Wenye kushika kalamu pamoja si wageni Lamu.

Wiki ya tatu fundi alivuka kutoka bara, akapanda mapaa yetu kwa siku mbili. Madishi matatu kweli yalikuwa na kutu. Mengine yalikuwa mazima. Nyumba tisa zimerudishiwa siku zao. Tano bado, na ombi letu kwamba siku zisihesabiwe huduma inapokatika halijajibiwa. Mamlaka ya Mawasiliano hupokea malalamiko ya mteja aliyekwisha kuanza kwa kampuni yake, na sisi ushahidi wa kuanza tunao, kurasa ishirini na mbili.

Barua ya pili inaandikwa wiki hii, na wenzetu wa Shela na Matondoni wameomba kuingia. Mwenye ujumbe wake wa malipo na aulete baada ya alasiri. Daftari liko palepale. Mwenzetu amekwisha kutoka eda, lakini amekataa kumkabidhi mwengine.