Kiingereza cha Mwanachuo wa Ualimu

Katika Tanzania, mwanachuo wa ualimu huingia chuo kikuu hali amekwisha kusoma kwa Kiingereza miaka sita ya sekondari, baada ya shule ya msingi ambayo kwa watoto walio wengi hufundishwa kwa Kiswahili. Hudhani taabu ya lugha imekwisha. Kumbe huanza siku afunguapo kitabu cha saikolojia ya elimu. Maneno ayajua moja moja, lakini yakikutana katika sentensi ya mistari minne hugeuka wageni.

Kiingereza cha wasomi hupenda kugeuza tendo kuwa jina. Mtoto hajifunzi, hutajwa kujifunza kwake. Mwalimu hapimi, upimaji hufanyika. Mtenda hufichwa, na msomaji huachiwa kazi ya kumtafuta. Mwanachuo aliyekariri fungu zima aweza kulirudisha katika mtihani bila kosa, wala asiweze kusema nani amemtendea nani nini. Tena kueleza, kujadili, kulinganisha na kutathmini ni kazi nne mbalimbali. Mwenye hofu ya lugha huzijibu zote kwa namna moja, yaani humwaga yote ayajuayo.

La ajabu zaidi ni tahadhari. Husahihishwa kwa kuandika kuwa jambo ni hivi, mahali ambapo ushahidi waruhusu kusema tu kwamba laelekea kuwa hivi. Somo hilo hulipokea kama adabu ya Kizungu. Hali baraza za wazee wake zimejaa yamkini, huenda na yasemekana! Mali hiyo anayo nyumbani, ila ni nadra kupata mtu wa kumwonyesha.

Mwaka 1982 tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makwetta ilipendekeza Kiswahili kifundishie katika sekondari kuanzia 1985. Serikali haikulifuata shauri hilo. Kwa hiyo mwanachuo, aendapo kwenye mazoezi ya kufundisha, husimama mbele ya kidato cha kwanza, watoto waliotoka juzi tu katika masomo ya Kiswahili. Husema sentensi yake ya chuoni. Nyuso humtazama kimya. Sasa hapana budi aivunje: nani hutenda, hutenda nini, kwa sababu gani. Aliyeielewa huivunja, akaisema upya kwa maneno mepesi, Kiingereza au Kiswahili. Aliyeikariri hugeuka akaiandika ubaoni, na watoto wakainakili.