Papa Fundi wa Uvira: anayepima mahali maji yatafika

Wasikilizaji wetu wa Uvira, na hasa ninyi familia muliohamishwa na maji ama na vita, wengi wenu munatutumia ujumbe redioni na swali moja: yule mzee anayepita Mulongwe na Kavimvira na kikopo cha rangi nyekundu na mpira mrefu wa plastiki begani, ametumwa na nani, na anatafuta nini kwenye kuta zetu? Wengine hawaulizi. Wanatukana tu na kufunga mlango.

Nilimfuata siku tatu. Alikubali kwa sharti moja, kwamba nisitaje jina lake. Hana la kuficha, ila amechoka kupigiwa simu usiku na watu wanaotaka alama yao ifutwe. Basi nitamwita Papa Fundi, kama watoto wa kartie wanavyomwita.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yake, maana wengi wanamwita enjinia na yeye anakataa. Ana A1 ya ujenzi, yaani miaka mitatu ya masomo ya juu baada ya diploma ya serikali. Enjinia anachora na kukokotoa daraja kubwa. Fundi wa cheo chake anakwenda pale chini kuona kama kilichochorwa ndicho kinachojengwa. Yeye ni mtu wa mitaro, madaraja madogo, barabara za ndani ya kartie, ruhusa za kujenga, na kuta zinazotaka kuanguka. Barabara kubwa ya taifa, ile RN5 inayotuunganisha na Bukavu, ina wenyewe, ni Office des Routes. Maji ya bomba ni ya Regideso. Lakini sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya miji, komini na sekta iliweka barabara ndogo na mitaro ya maji mikononi mwa serikali za mitaa. Kwa hiyo mtaro wa mbele ya nyumba yako ukiziba, mtu wa kwanza anayepaswa kuujua ni huyu mzee mwenye viatu vya tope.

Munajua mji wetu ulivyokaa. Milima ya Itombwe nyuma, ziwa Tanganyika mbele, na sisi katikati kwenye ukanda mwembamba kama mkeka. Mito yetu, Kavimvira, Mulongwe, Kalimabenge, ni mifupi na inashuka mteremko mkali. Mvua ikinyesha kule juu, hapa chini unaweza kuwa umeanika nguo kwenye jua na maji yakakukuta. Papa Fundi anasema maji ya mto ni mwizi na maji ya ziwa ni mpangaji asiyelipa. Mwizi anakuja usiku, anavunja, anaondoka. Mpangaji anaingia polepole, anakaa miezi, na humjui wa kumshtaki. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, kule Kalemie. Mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, mlango huo hautoshi, maji yanapanda, kama tulivyoona mwaka 2021 na tena 2024.

Ya mwizi sote tunayakumbuka. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe ulitoka kitandani mwake. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikaharibika, familia zikalala makanisani na kwenye madarasa ambayo yalikuwa wazi kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya Covid. Mitambo ya Regideso iliguswa pia, na mji ambao unajua kipindupindu kwa jina na kwa sura ukarudi kuchota maji ya ziwa na ya mto.

Asubuhi ya mafuriko, sisi waandishi tunahesabu marehemu. Watu wa misaada wanahesabu mabati na sufuria. Papa Fundi anatafuta mstari wa tope ukutani. Anautafuta haraka, kwa sababu siku tatu tu na mama mwenye nyumba atakuwa ameusugua, na ana haki, nani anataka kulala akiangalia tope lililomchukulia mtoto? Lakini mstari ule ndio ushahidi wa pekee wa urefu wa maji. Ukisafishwa, mwaka ujao mtu atakuja kukuambia kwamba hapa maji hayakufika, na atakuuzia kiwanja.

Sasa ule mpira. Ni mpira wa kawaida unaopitisha mwanga, urefu wa meta 20, umejazwa maji. Mashine ya kupimia usawa ya wataalamu ni ghali, na yeye hana. Mtoto mmoja wa kartie anashika ncha moja kwenye mstari wa tope wa nyumba ya kwanza, Papa Fundi anakwenda na ncha nyingine hadi nyumba ya pili. Maji ndani ya mpira hayajui kusema uongo: yanasimama usawa mmoja pande zote mbili, mradi hakuna kipovu cha hewa ndani. Pale yanaposimama anapiga alama nyekundu. Kisha nyumba ya tatu, ya nne, hadi mwisho wa avenyu. Na kwa kuwa maji ya mto yanashuka pamoja na mteremko, haendi mbali bila kutafuta mstari mwingine wa tope wa kuanzia upya. Nyumba inayoonekana kavu kabisa, imepakwa chokaa mpya, unaiona ghafla ina alama kwenye usawa wa kifua. Nilimwona baba mmoja akisimama mbele ya alama ile, akapima na mkono wake mwenyewe, kisha akamwinua mtoto wake wa mwisho akamsimamisha pale. Alama ilimpita kichwa. Hakusema neno.

Siku ya pili tulishuka mtoni. Mimi nilisoma sekondari ya ualimu na kozi ya uandishi wa habari, hesabu haijawahi kuwa rafiki yangu, lakini hii niliielewa na ninyi mutaielewa. Alipima meta 20 kando ya mto, akatupa kipande cha mgomba juu ya maji, akahesabu sekunde hadi kikafika chini: 16. Maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini yanayokwaruza mawe, kwa hiyo anapunguza kidogo, na mwendo unakuwa karibu meta 1 kwa sekunde. Upana wa maji ulikuwa meta 8, kina kwa wastani sentimeta 30. Zidisha vyote: meta za ujazo 2.4 kila sekunde, ndiyo kusema mapipa 12 ya lita 200. Huo ni mto uliolala, ambao watoto wanavuka wakicheka.

Kisha akaniambia: sasa uuamshe. Kina kikiwa mara tano, upana mara tatu, na mwendo mara tatu, unapata mara 45. Mapipa 540 kila sekunde, zaidi ya tani 100, kama malori kumi ya tani kumi yanayopita mlangoni kwako kwa sekunde moja, na nyuma yao mengine kumi. Hiyo ni hesabu ya mfano tu, alisisitiza, nisiitangaze kama kipimo cha mwaka 2020. Lakini ukishaisikia unaelewa kwa nini jiwe kubwa kama gari linatoka mlimani na kukaa katikati ya sebule ya mtu.

Mambo ya mabomba nayaeleza kwa urefu, samahani, kwa sababu hapo ndipo nilipoona kazi hii inavyouma. Kwenye avenyu moja, ambayo sitaitaja, mchoro uliomba bomba la saruji la kipenyo cha meta 1 kupitisha maji chini ya barabara. Mjenzi akaleta ya sentimeta 60. Akasema ni tofauti ya sentimeta 40 tu, mzee, usitucheleweshe, mvua inakuja. Papa Fundi akaokota kijiti akachora duara mbili kwenye mchanga. Bomba la meta 1 lina mdomo wa meta za mraba 0.79. Lile la sentimeta 60 lina 0.28. Ni karibu theluthi moja tu! Akakataa kutia sahihi.

Kazi ilisimama. Wakaaji wakakasirika, si na mjenzi, na yeye. Waliona barabara imechimbwa, watoto wanaruka shimo kwenda shule, na mtu anayezuia kazi ni huyu mzee na kijiti chake. Mwishoni waliweka mabomba mawili ya sentimeta 60, kando kwa kando. Alitia sahihi, lakini aliandika maneno ya tahadhari chini ya karatasi, na kwenye daftari lake nilisoma kwa mwandiko mdogo: 0.57 badala ya 0.79. Hivyo tu. Wakubwa wanaweza kuisoma ama kuiacha, yeye anatoa maoni, hatoi amri. Nilimwuliza kama hiyo haimvunji moyo. Akaniuliza kama mimi nikitangaza habari, nani analazimishwa kuisikiliza.

Kuhusu gabioni, zile sanduku za waya za kujazwa mawe kando ya mto, nitasema machache. Jiwe lazima liwe kubwa kuliko tundu la waya, na lipangwe kwa mkono, si kumwagwa kwa beleshi. Papa Fundi anapiga teke sanduku kama mtu anayechagua mchungwa. Likilia kitupu, anafunguliwa. Amewahi kukuta mawe mazuri mbele na mchanga katikati. Na wako vijana na akinamama wanaochukua mawe ya kingo za mto kuponda kokoto. Hapa yeye na mimi hatukukubaliana. Kwake kila jiwe linaloondoka kando ya mto ni tofali linalotolewa kwenye ukuta wa jirani. Mimi namwona mama anayeponda mawe tangu alfajiri, ambaye amekimbia milima ya Fizi na hana shamba, na siwezi kumwambia aache kabla sijamwonyesha atakula nini. Nilichokubali ni hiki: mawe yaliyo katikati ya mto, yaliyoletwa na mafuriko, kuyatoa kunasaidia maji kupita. Ya kingoni yaachwe. Akinamama niliowaambia walisema hakuna mtu aliyewahi kuwaeleza tofauti.

Siku ya tatu ndiyo sikuilala vizuri. Mama mmoja aliyehamishwa alikuwa amerudi kwenye kiwanja chake, si kujenga bado, kufagia tu. Ukuta mmoja ulikuwa umesimama. Alama nyekundu ilikuwa hapo, na chini yake Papa Fundi alikuwa ameandika meta 1.40. Mama akamsalimu kwa heshima, akamletea kiti cha plastiki, kisha akamwuliza:

«Papa, umeandika vizuri maji yalipofika. Mimi niende wapi, hilo umeliandika wapi?»

Papa Fundi alikaa kwenye kile kiti muda mrefu. Sheria ya mwaka 1973 inasema ardhi ni mali ya dola, kwa hiyo kumhamisha mtu bila kumwonyesha kiwanja kingine si kazi ya rangi, ni kazi ya wenye kugawa ardhi, na yeye hagawi. Rangi nyekundu bila kiwanja kingine ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki haiko kwenye kikopo chake. Ninaiandika hapa ili wenye nusu hiyo waisome. Lakini pia sipendi tunavyomtukana mtu pekee aliyekuja na kipimo, tukimwacha yule aliyeuza kiwanja kitandani mwa mto na kupokea dola zake mkononi.

Alichomfanyia mama ni kidogo. Alichukua mpira wake, akamwita kijana wake ashike ncha, akapanda naye kiwanja kwa kiwanja kuelekea juu hadi akafika mahali ambapo alama ilikuwa chini ya udongo. Ni kwa shemeji yake mama, meta karibu 120 kutoka pale. Akamwambia: usiku ukisikia mto unabadilisha sauti, usiangalie, usikusanye vyombo, chukua watoto, njoo hapa. Na ule mto ukinyamaza ghafla wakati mvua bado inanyesha juu, kimbia zaidi, maana huenda umezibwa na miti na mawe mahali fulani na utajifungua kwa mara moja. Mama alitembea njia ile mara mbili na watoto wake, mchana, akihesabu hatua.

Papa Fundi aliomba nitangaze mambo haya, nami nayaandika pia kwa ndugu wasio na redio kambini. Maji yakiingia kwako, kabla ya kusafisha ukuta piga msumari ama mstari wa mkaa kwenye tope la juu kabisa, na uandike tarehe. Usitupe taka kwenye mtaro ulio mbele ya bomba, maana bomba la 0.57 likizibwa nusu halina tena jina. Kama unataka kununua kiwanja karibu na mto, mwambie kwanza aje na mpira wake. Kuomba kipimo kabla ya kununua ni rahisi kuliko kuomba huruma baada ya kujenga. Anapatikana asubuhi kwenye ofisi ya mji, kabla ya saa mbili. Baada ya hapo mumtafute mtoni. Wiki hii atakuwa upande wa Kalimabenge, na anatafuta kijana mmoja mwenye mkono usiotetemeka wa kushika ncha ya pili.